Waliivunja ngome Tabora, wakaijenga Berlin wauze tiketi

JANUARI 1893 Wajerumani waliivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, pale Kwikuru, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwaka 1892 walikuwa wamejaribu wakashindwa, wakarudi na mizinga. Kuta zilipopasuka, Isike aliona afadhali ajilipue kwa baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa mzima.

Miaka mitatu baadaye ngome hiyo hiyo ilijengwa upya. Si Tabora. Berlin!

Naam, ndugu msomaji, hujasoma vibaya. Kuanzia Mei hadi Oktoba 1896, katika bustani ya Treptow jijini Berlin, palikuwa na maonyesho makubwa ya biashara na viwanda, kitu kama Sabasaba yetu lakini kubwa mara nyingi zaidi. Ndani yake wakatenga eneo la makoloni. Hapo ndipo walipoiga ngome ya Isike na kuipa jina lake lile lile la Kwikuru. Yaani unamuua mwenye nyumba, halafu unaiga nyumba yake huko kwako na kukata tiketi ili watu waje kuishangaa. Kuna uporaji wa aina nyingi, lakini huu una ufedhuli wa peke yake.

Na nyumba bila watu hainogi. Wakaleta watu. Jumla walikuwa 106, wanaume, wanawake na watoto, kutoka Kameruni, Togo, Namibia ya leo, visiwa vya Guinea Mpya, na kutoka huku kwetu Afrika Mashariki: Waswahili na Wamasai. Kazi yao ilikuwa kukaa kwenye vibanda, kupika, kucheza ngoma na kupiga makasia katika bwawa la samaki, huku Mzungu na mkewe na watoto wake wamesimama wanatazama. Mamilioni ya watu walipita pale Treptow katika miezi hiyo.

Msije mkadhani hii ilikuwa sarakasi ya uchochoroni. Serikali ya Kaizari ilikuwa nyuma yake. Wasomi nao walikuwepo. Profesa Felix von Luschan alifika na vipimo vyake, akapima vichwa, pua na urefu wa watu wale na kutaka kuwapiga picha, eti kwa ajili ya sayansi. Mfanyabiashara, mwanasiasa na profesa wakala sahani moja, na aliyeliwa ni yule aliye ndani ya uzio.

Mchezo wenyewe ulikuwa na wazoefu wake. Carl Hagenbeck wa Hamburg alikuwa mchuuzi wa wanyama: simba, twiga, tembo. Mwaka 1874 akagundua kwamba akiwaleta Wasami wa kaskazini ya Ulaya pamoja na kulungu wao, watu wanalipa vizuri zaidi kuliko kwa wanyama peke yao. Mwaka 1876 akaleta watu kutoka Sudan. Mwaka 1880 wakaletwa Wainuit 8 kutoka Labrador, nchi ya barafu huko Canada. Hakuna aliyekumbuka kuwachanja ndui mapema. Hadi Januari 1881 wote wanane walikuwa wamekufa. Mmoja wao, Abraham, alikuwa anajua kusoma na kuandika, na aliandika kumbukumbu za kila kilichowapata kwa lugha yake. Mshike huyo Abraham kichwani, nitarudi kwa wenzake.

Wabelgiji nao hawakutaka kupitwa. Mwaka 1897 Mfalme Leopold, yule aliyeifanya Kongo shamba lake binafsi, alileta Wakongo 267 kwenye maonyesho yake ya Tervuren, karibu na Brussels. Watazamaji waliwarushia vyakula mpaka wakawa wanaugua. Likawekwa tangazo kwamba Waafrika hawa wanalishwa na kamati. Ndugu yangu, tangazo la namna hiyo umewahi kuliona wapi? Saba kati yao walikufa kwa baridi na maradhi, wakazikwa huko huko Tervuren. Majina yao yanajulikana: Sambo, Zao, Ekia, Pemba, Kitukwa, Mpeia na Mibange.

Halafu kuna Ota Benga. Huyu alikuwa kijana wa Kongo, mtu wa kimo kifupi. Mmarekani mmoja, Samuel Verner, alimnunua mwaka 1904 kwa chumvi na kitambaa, akampeleka kwenye maonyesho ya St. Louis. Septemba 1906 akaishia katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, kizimba kimoja na nyani mkubwa wa Asia. Nje ya kizimba likabandikwa bango lenye umri wake, urefu wake futi 4 na inchi 11, na uzito wake ratili 103, kama vile ng'ombe wa mnada. Mifupa ikatawanywa sakafuni ili watu wadhani anakula binadamu. Siku moja peke yake inasemekana walikuja watu 40,000.

Ni wachungaji weusi wa jiji hilo, wakiongozwa na James Gordon aliyekuwa na kituo cha mayatima, waliopiga kelele mpaka akatolewa. Meya alikataa hata kuwaona. Ota Benga akapelekwa kwa mayatima, baadaye mji wa Lynchburg, akasoma kidogo, akafanya kazi kiwanda cha tumbaku. Alitaka kurudi kwao. Vita Kuu ikafunga njia za meli. Machi 20, 1916, alijipiga risasi ya moyo. Wenye bustani ile waliomba radhi mwaka 2020. Hesabu mwenyewe: miaka 114!

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaosimulia habari hizi. Husimulia kana kwamba babu zetu walikuwa mazuzu waliokaa tu wakatazamwa, na msomaji anaishia kusikitika, anafuta machozi, anakunja gazeti. Uongo! Watu wale walikuwa na macho, tena makali.

Turudi Treptow. Kijana mmoja wa Kameruni aitwaye Kwelle Ndumbe alichoka kutazamwa. Akanunua darubini ndogo, zile za kutazamia michezo ya jukwaani, na kila watu walipokuja kumkodolea macho yeye akaiinua na kuwakodolea wao. Nani sasa anamtazama nani? Nakuomba utulie kidogo umwone huyo bwana akilini. Hana bunduki, hana wakili, na amepata jibu ambalo Kaizari hakuwa nalo.

Wengine wengi walikataa kupigwa picha wakiwa wamevaa ngozi. Walitaka suti zao. Waherero waliotoka Namibia, akiwemo Friedrich Maharero mtoto wa chifu, walikuja kwa shughuli ya kisiasa ya kuonana na Kaizari, si kucheza ngoma mbele ya watoto wa Berlin. Na miaka minane tu baadaye, mwaka 1904, Kaizari huyo huyo alipeleka jeshi kuwamaliza Waherero. Aliyekwisha kuzoeshwa kumwona mtu nyuma ya uzio, kumpiga risasi kunamtaka nini zaidi?

Lakini mtu ninayemtaka vijana mmjue ni Martin Dibobe. Naye alitoka Kameruni, alikuwa na miaka 20 alipoletwa Treptow. Maonyesho yalipofungwa hakurudi. Akajifunza ufundi, na reli ya chini ya ardhi ya Berlin ilipofunguliwa mwaka 1902 akaajiriwa, mpaka akawa dereva wa treni. Wale wale waliolipa kumtazama sasa wakawa wanapanda treni anayoiendesha yeye!

Hakuishia hapo. Mwaka 1919, Ujerumani imeshindwa vita na Kaizari amekimbia, Dibobe na Waafrika wenzake 17 walipeleka kwa serikali mpya waraka wenye madai 32. Walitaka haki sawa, viboko na kazi za shuruti vikomeshwe, mishahara iwe sawa, na mwakilishi wao wa kudumu awemo bungeni. Ni kweli waliahidi utii kwa Ujerumani, na wapo watakaowabeza kwa hilo. Mimi siwabezi. Walisema utii una bei, na bei yake ni madai haya. Hawakujibiwa. Dibobe akapoteza kazi. Alipojaribu kurudi Kameruni, Wafaransa waliokuwa wameichukua nchi ile wakamkatalia kushuka melini, wakiogopa mdomo wake. Akaenda Liberia, na huko habari zake zikapotelea.

Unajua serikali ya Kaizari yenyewe ilipiga marufuku lini kusafirisha watu wa makoloni kwa maonyesho? Mwaka 1901. Tusidanganyane, haikuwa huruma. Waliogopa kwamba Mwafrika akishamwona Mzungu mlevi, Mzungu ombaomba na Mzungu mfagia barabara huko Berlin, akirudi nyumbani hatamwogopa tena bwana mkubwa. Maonyesho yalikuwa yanawaonyesha wao!

Na wasikudanganye kwamba mambo haya yaliisha zamani. Mwaka 1958, miaka miwili tu kabla ya uhuru wa Kongo, Wabelgiji waliweka tena kijiji cha Wakongo Brussels, watu wakawarushia ndizi na senti, na Wakongo wakafunga mizigo wakaondoka. Mwaka 2005 bustani ya wanyama ya Augsburg, Ujerumani, iliandaa "kijiji cha Kiafrika" katikati ya mabanda ya wanyama. Watu weusi wa huko walipoandamana, mkurugenzi akasema haoni kosa.

Sasa nikuulize wewe kijana wa Manzese, Mwanjelwa au Ngarenaro, wewe uliyekasirika tangu mstari wa kwanza. Mmasai anayelinda duka mtaani kwako unamwitaje? Si unamwita Yero, hata jina lake hulijui, na akipita na lubega lake mnachekeana? Wahadzabe wa Eyasi watalii huwafuata alfajiri kuwaona wakiwinda, na sisi wa mjini tukisikia habari zao tunauliza kama kweli hawa ni Watanzania wenzetu. Wao kuonyesha mila zao kwa fedha yao si kosa. Mimi nauliza mambo mawili tu: bei kapanga nani, na mlangoni fedha inapokelewa na nani? Mtu akipanga bei yake mwenyewe na kufunga mlango anapochoka, ile ni biashara. Akipangiwa na dalali wa mjini, basi tofauti yetu na Hagenbeck ni rangi tu. Kasumba hii hatukuletewa kwa meli, tunaipika wenyewe vijiweni.

Luschan yule wa vipimo ndiye aliyekusanya maelfu ya mafuvu ya binadamu yaliyowekwa Berlin. Utafiti wa makumbusho za huko ulikuta zaidi ya 200 ni ya watu wa Tanzania, na Septemba 2023 vipimo vya vinasaba (DNA) vikaoanisha machache na familia zilizo hai Kilimanjaro. Kudai mafuvu ni haki na tuendelee kudai. Ila kuna jambo jingine, tena jepesi, ambalo sijasikia mkubwa yeyote analitamka. Tangu mwaka 2017 makumbusho ya mtaa wa Treptow ina maonyesho yanayosimulia habari za wale watu 106, pamoja na picha zao. Gharama yake ni barua moja, stempu na nauli ya ofisa mmoja. Majina ya Waswahili na Wamasai walioletwa Treptow yaletwe, yabandikwe Makumbusho ya Dar es Salaam, na nakala nyingine Tabora pale ilipokuwa ngome yenyewe. Huenda kijana mmoja wa Kariakoo akasimama mbele ya ukuta ule akakuta jina la baba wa babu yake, aliyekwenda Berlin mwaka 1896 na ambaye nyumbani hawakusikia tena habari zake.