Binti aliyemaliza Fomu Foo si yaya wa bure

Kila mwezi wa saba, TikTok hujaa mabinti wa Ulaya na Marekani wakituonyesha kiangazi chao: ufuo, miwani ya jua, juisi yenye barafu. Huku Ruiru mwezi wa saba ni jaketi, soksi mbili na ukungu hadi saa nne asubuhi. Tusiige kalenda isiyo yetu. Msimu mrefu wa mapumziko hata sisi tunao, na wetu unawashinda wao kwa urefu. Unaanza siku mtahiniwa wa KCSE anapoweka kalamu chini mwezi wa Novemba, na hauishi hadi Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata, vyuo vikuu vinapopokea wanafunzi wapya. Hiyo ni miezi tisa hivi.

Swali ni moja tu: hiyo miezi ni ya nani?

Muulize kijana wa kiume wa Kimbo au Makongeni anaendeleaje tangu amalize shule. Atakwambia kuna mechi jioni, kuna kibanda cha gemu, kuna kibarua cha mjengo kikitokea. Muulize dada yake. Atajibu, "Niko tu home." Hilo "niko tu" limebeba mengi. Ameamka saa kumi na moja kupika chai, ametayarisha wadogo wa shule, amebeba mitungi ya maji hadi ghorofa ya nne, amefua, amepika, ameosha vyombo, na jioni anaulizwa kwa nini anashika simu sana.

Haya si malalamiko ya mtaani pekee. Utafiti wa Shirika la Takwimu la Kitaifa (KNBS) wa mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kuwa wanawake nchini hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Kwa hivyo kabla ya kumpa binti orodha ya mambo ya kufanya na muda wake, tumuulize kama huo muda anao.

Halafu kuna ile simu ya anti. Mnaijua. Matokeo hayajatoka hata, na anti wa Membley au Ngoingwa tayari amempigia mathe: "Si huyo msichana amemaliza shule? Aje anisaidie na mtoto kidogo." Hiyo kidogo inageuka miezi sita. Binti anafanya kazi ya yaya, isipokuwa yaya ana mshahara na siku ya off. Huyu anapewa nauli ya kurudi nyumbani na leso. Undugu ni mzuri, na kusaidiana ni desturi yetu, sikatai. Lakini kaka yake akienda kwa ankali kusaidia kwenye duka, hukosi kusikia amepewa kitu mfukoni. Kama ni kazi, ilipwe. Kama ni msaada, uwe na mwisho unaojulikana kabla hajafunga begi.

Najua jibu la wazazi wengi: akikosa kazi ya kufanya atapotea. Na woga wao una sababu. Januari 2024, mwanafunzi wa chuo aliuawa katika nyumba ya kukodisha kwa siku chache pale Roysambu, hapa hapa Thika Road. Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine wakisema inatosha. Mzazi aliyeona hayo kwenye taarifa ya saa moja hawezi kulala binti akiwa nje.

Lakini kumfungia ndani si ulinzi. Binti asiyejua mji, asiye na mia mbili yake mwenyewe, asiye na marafiki wa kutembea nao, ndiye rahisi zaidi kuchukuliwa na mtu wa kwanza atakayesema, "Vaa, nakutumia Uber." Raha yake yote ikiwa ya kulipiwa, anayelipa ndiye anayechagua mahali, saa na njia ya kurudi. Kwa hivyo raha ya kujilipia, hata ikiwa ndogo, ni usalama pia.

Na hapa kwetu haikosekani. Jumamosi moja, mkiwa wanne, changeni nauli mpande gari la barabara ya Garissa hadi Kilimambogo mkaone maporomoko ya Fourteen Falls kwenye Mto Athi. Nendeni asubuhi, mrudi jua likiwa juu, na maji muyaangalie tu, msiyaingie. Karibu na hapo kuna mlima wa Ol Donyo Sabuk, mita 2,145, ambao una nyati, kwa hivyo ulizeni askari wa KWS langoni kabla ya kujitia mashujaa. Doh ikiwa kidogo, Blue Post iko pale pale Thika tangu 1908, kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika. Soda moja inakaliwa saa mbili, na hakuna atakayekufukuza ukiwa umenunua.

Kama unapenda mpira, usingoje wavulana wakupeleke kutazama wa Uingereza kwenye skrini. Thika Queens ilikuwa timu ya mabinti, ya mji huu, na mwaka 2021 walitwaa Ligi Kuu ya Wanawake ya Kenya. Tafuta mechi ya mabinti, uende ushangilie. Na kama miguu yako inawasha, uliza mazoezi ya timu za mtaani ni siku gani.

Kuna maktaba ya umma Thika pia. Mimi chuo sikumaliza, karo iliisha kabla ya masomo, lakini kusoma maktabani hakukuhitaji mtu anilipie muhula. Kwa anayetaka kujifunza kazi za mtandaoni, mafunzo ya Ajira Digital ya serikali ni ya bure. Yeyote anayekuitisha "pesa ya usajili" ili akufunze hayo, muage.

Jambo moja lakini. Siku hizi kila muda wa msichana lazima ugeuke biashara. Ukifuma sweta kwa krosheti, unaulizwa unauza ngapi. Ukipaka kucha vizuri, unaambiwa ufungue ukurasa wa Instagram. Biashara ni sawa, wengi wetu tunaihitaji. Lakini umetoka kwa miaka minne ya kengele ya alfajiri na mitihani. Una ruhusa ya kufuma kwa sababu unapenda tu, na kulala mchana bila kumwomba mtu msamaha.

Ombi langu kwa wazazi wa Thika na Ruiru ni dogo. Gawa kazi za nyumba kwa watoto wote, kijana akiwemo. Vyombo havijui jinsia. Mpe binti siku moja ya wiki ambayo haitumwi popote, na umwambie mbele ya nduguze ili asiibiwe. Anti akipiga simu, mwulize mambo mawili: atamlipa ngapi, na atamrudisha lini.

Na wewe dada unayesoma hii ukiwa umejificha chooni na simu: usingoje familia nzima ibadilike. Anza na jioni moja. Sema mapema, "Jumatano kuanzia saa tisa sipo," taja unakoenda na unaoenda nao, kisha uende kweli. Mara ya kwanza watanung'unika. Mara ya nne watakuwa wamezoea, na chakula cha jioni cha Jumatano kitakuwa kimepata mpishi mwingine.