Mifumo imeanza kusomana, lakini jina likikosewa unamfuata nani?

Lori la mbao likitoka Mafinga kwenda Dar es Salaam linabeba mbao na makaratasi. Kuna kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka TFS, kuna risiti ya EFD ambayo TRA wataiulizia, na kuna risiti ya ushuru wa halmashauri. Zote zinahusu mzigo mmoja, mwenye mali mmoja na lori moja. Lakini kila karatasi imezaliwa kwenye mfumo wake, na pale barabarani anayeiunganisha mifumo hiyo ni dereva mwenyewe, na bahasha yake juu ya dashibodi.

Maofisini hali hii ina jina lake: mifumo haisomani. Rais Samia Suluhu Hassan amelisema hilo zaidi ya mara moja, na ripoti za CAG zimelirudia mwaka hadi mwaka.

Dawa ya kitaalamu ipo tayari. Inaitwa GovESB, mfumo wa kubadilishana taarifa serikalini uliojengwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), na idadi ya taasisi zilizounganishwa nao imeshapita 100. Kwa mkulima wa Mbarali au mfanyabiashara wa Iringa mjini, habari hiyo ni njema nusu. Nusu ya pili inategemea nini kinapita humo ndani, na kikipita kimekosewa nani anakirekebisha.

Stendi moja, safari nyingi

Herufi ya mwisho kwenye GovESB inasimamia basi. Wahandisi wa kompyuta waliliazima neno hilo zamani kuita njia moja inayobeba ujumbe wa vifaa vingi, na kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini mfano wa stendi unafaa zaidi.

Mtu anayetoka Tukuyu kwenda Chunya hahitaji gari la moja kwa moja. Anafika Mbeya, anashuka, anapanda jingine. Kama kusingekuwa na sehemu ya kukutania, kila mji ungetakiwa uwe na gari lake la kwenda kila mji mwingine.

Kwenye kompyuta hesabu inatisha haraka. Mifumo 5 ikiunganishwa mmoja mmoja inahitaji njia 10. Ikiwa 20, njia zinakuwa 190. Ikifika 100, ni njia 4,950, na kila njia ina programu yake, makubaliano yake, fundi wake na siku yake ya kuharibika. Ukiwa na stendi, mifumo 100 inahitaji njia 100.

Watanzania wameshaishi na jambo hili kwenye simu zao. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walifungua njia ya wateja wao kutumiana pesa moja kwa moja, na Vodacom wakaingia 2016. Yalikuwa makubaliano ya kampuni na kampuni. Baadaye Benki Kuu ikajenga TIPS, ambapo benki na mitandao ya simu inakutana sehemu moja. Mama ntilie wa Mwanjelwa akiingiziwa hela ya chakula kutoka mtandao mwingine hana haja ya kujua imepita wapi. Anachotaka ni meseji iingie.

Kontroo namba nayo imetoka kwenye fikra hiyohiyo. Kabla ya GePG kuanza mwaka 2017, kila ofisi ya umma ilikuwa na akaunti yake ya benki na kitabu chake cha risiti. Sasa malipo yote ya serikali yanapita mlango mmoja, na ofisi iliyotoa namba inajulishwa kuwa umelipa.

Kazi ya stendi ya namna hii si kupitisha tu. Inatafsiri: ofisi moja inaandika tarehe 8/8/2022, nyingine inaandika 2022-08-08, na lazima mtu awakubalianishe. Inatunza: mfumo unaopokea ukiwa chini, ujumbe unakaa kwenye foleni hadi uamke. Inakagua anayeuliza kama ana ruhusa. Inaandika pia kumbukumbu ya nani aliuliza nini, saa ngapi.

Kampuni binafsi zina shida hiyo kwa udogo wake. Duka la jumla Iringa linaweza kuwa na programu ya stoo, nyingine ya mahesabu, mashine ya EFD na simu ya kupokelea malipo. Jioni karani anakaa chini na kuhamisha tarakimu kutoka moja kwenda nyingine kwa mkono. Huyo karani ndiye basi lao. Akiumwa, mahesabu yanalala.

Mbolea haisubiri

Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku jijini Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ungeuzwa Sh70,000, na serikali ingelipa kilichobaki. Bajeti ya msimu ule ilikuwa Sh150 bilioni.

Ili kuzuia wajanja, mpango uliwekwa kwenye mfumo wa kidijitali. Mkulima anaandikishwa kijijini, anapata namba, anakwenda nayo kwa wakala. Wakala anaiingiza, mfumo unamwonyesha mkulima huyu ni nani na anastahili nini, mkulima analipa, na taarifa ya mauzo inarudi ili kampuni ya mbolea idai fedha yake serikalini. Hesabu waliohusika: ofisi ya kijiji, wizara, mamlaka ya mbolea, wakala, kampuni. Wote wanatakiwa waone taarifa ileile kwa wakati.

Msimu ule wa kwanza malalamiko yalisikika hadi bungeni: mawakala wako mbali, foleni ni ndefu, mtandao unasumbua.

Hapa ndipo lugha ya wataalamu inapoachana na lugha ya shamba. Kwa fundi, ujumbe uliokaa kwenye foleni siku tatu haujapotea, utafika. Ukihusu marejesho ya kodi, sawa. Ukihusu DAP, ambayo ni mbolea ya kupandia, na mvua za Novemba au Desemba zimeshashika Mbeya na Iringa, siku tatu ni mbegu iliyoingia ardhini bila mbolea. Wiki moja ni gunia zilizopungua wakati wa mavuno. Na mkulima aliyepanda bodaboda kutoka kijijini hadi kwa wakala, akaambiwa mfumo uko chini, atalipa nauli hiyo mara mbili.

Kwa hiyo kupima mafanikio kwa idadi ya mifumo iliyounganishwa ni kupima barabara kwa kuhesabu lami bila kuuliza gari linafika saa ngapi.

Mwakyoma na Mwakioma

Tatizo gumu zaidi halitatuliwi na nyaya, nalo ni majina.

Ukoo mmoja wa Rungwe unaweza kuandikwa Mwakyoma kwenye cheti cha shule, Mwakioma kwenye daftari la kijiji, na vyovyote alivyosikia karani kwenye usajili wa laini ya simu. Mwanamke aliyeolewa ana jina la baba kwenye hati moja na la mume kwenye nyingine. Mzee aliyezaliwa kabla vyeti havijawa jambo la kawaida alikadiria mwaka wake kwa kukumbuka njaa fulani au mafuriko fulani, na hakukadiria vilevile kila alipoulizwa.

Wakati mifumo haisomani, tofauti hizi zilikuwa zinalala. Afisa alikuwa anakutazama, anakufahamu, anagonga muhuri. Mfumo hautazami sura. Herufi moja ikipishana, unaandika kwamba hakuna mtu huyo.

Kwa namba ya NIDA jambo lina uzito wa pekee. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyekosewa mwaka siku ya usajili amebebeshwa kosa hilo ndani ya namba yenyewe. Na namba hiyo ndiyo iliyosajili laini yake ya simu kwa alama za vidole kabla ya kikomo cha 20 Januari 2020, ndiyo inayofungua TIN, ndiyo anayoidai BRELA kwa anayesajili kampuni. Mifumo ikisomana vizuri, kosa linasafiri vizuri pia. Zamani lilikusumbua kwenye dirisha moja. Sasa linakutangulia kwenye madirisha yote.

Hii si hoja ya kupinga kuunganisha. Ni hoja ya kuuliza mapema: kwa kila taarifa, ofisi gani ndiyo mwenye mali? Jina ni la NIDA, sawa. Ukubwa wa shamba ni wa nani: kijiji, halmashauri au wizara? Leseni ya biashara ni ya halmashauri, kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Deni la kodi ni la TRA. Mwenye mali akijulikana, mwenye haki ya kusahihisha anajulikana. Asipojulikana, mwananchi anarushwa kama mpira: "Sisi tunasoma tu kutoka kwao, nenda kwao." Akienda kwao: "Kwetu iko sawa, mwambie aliyekutuma."

Na usahihishaji huo ufanyike wapi? Kama kijiji ndicho kilichomwandikisha mkulima lakini hakina uwezo wa kufuta herufi moja, basi mfumo umeshuka hadi kijijini kwa kuchukua taarifa, na umebaki Dodoma kwa kuzirekebisha.

Nani kachungulia?

Taarifa zikisafiri kirahisi, kuna watu watataka kuzichungulia bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Kifungu kwenye sheria na kitufe kwenye simu, hata hivyo, ni vitu viwili.

Estonia, nchi ndogo ya Ulaya iliyoanza kuunganisha mifumo yake mwaka 2001 kwa teknolojia inayoitwa X-Road, iliamua mambo mawili yanayofaa kutazamwa. Taarifa hazirundikwi katikati. Ofisi inaiuliza ofisi nyingine moja kwa moja kwa njia salama na kumbukumbu inabaki. Na raia anaweza kuingia mtandaoni akaona ofisi ipi ilifungua taarifa zake. Afisa anayejua kuwa ataonekana hachungulii ovyo.

Uamuzi ule wa kwanza una faida nyingine. Stendi ikiwa moja na ikafungwa, hakuna anayesafiri. Kampuni nyingi kubwa duniani zilizojenga mabasi ya namna hii miaka ya 2000 ziligundua kuwa kila badiliko dogo lilikuwa linapanga foleni kwa timu moja ya katikati, zikaanza kugawa kazi upya.

Utepe haukatwi kwa kuunganisha

Kwa nini basi ilichukua muda mrefu hivi? Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliipa eGA nguvu ya kusimamia viwango, lakini tabia za ofisi zilikuwepo kabla yake. Mfumo mpya una bajeti, una uzinduzi, una fulana na kofia. Kuifanya mifumo miwili ya zamani ielewane hakuna mgeni rasmi. Tena ofisi inayoshika taarifa peke yake inaombwa; ikishaziweka kwenye njia ya wote, haiombwi tena. Hilo halisemwi kwenye vikao, ila lipo.

Msimu ujao wa kupanda, jambo la kuangalia madukani kwa mawakala wa Kilolo, Mufindi na Mbarali ni dogo sana: maneno yanayotokea kwenye kioo namba ya mkulima inapokwama. Yakisema "namba haipo", mkulima anarudi kijijini, na pengine haji tena. Yakisema "taarifa za kijiji chako hazijafika, jaribu baada ya saa mbili", ananunua soda na kukaa kivulini. Kompyuta inajua tofauti ya hali hizo mbili. Anayeamua kama mkulima naye ataambiwa ni aliyeandika programu, na aliyemlipa.