Kamera ya zamani au mpya? Usikope kwa sababu ya megapikseli

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu (kiasi tu, mtaona) nizungumzie kamera. Wiki mbili zilizopita binamu yangu aliniandikia ujumbe: "Kaka, chama kimekubali kunikopesha. Nichukue ile mirolesi mpya, ama ninunue ya zamani nibaki na pesa?"

Binamu huyu ana miaka 22. Anapiga picha za mahafali na sherehe za kuzaliwa kwa kamera ya kuazima, na amechoka kuazima. Mkopo wenyewe ni shilingi 120,000, na chama kinataka malipo kila mwezi, kazi iwepo isiwepo. Kwenye mtandao atapata majibu mengi, lakini mengi yameandikwa na watu ambao kwao hizo pesa si deni. Kwa hivyo nimeona nimjibu hapa, na wengine mnaouliza swali hili hili msome.

Nitalinganisha kamera mbili ninazozijua kwa mkono wangu. Ya kwanza ni yangu, Canon EOS 600D, iliyotoka mwaka wa 2011. Niliinunua ikiwa imeshatumika nilipokuwa chuo kikuu. Ya pili ni Canon EOS R50 ya mwaka wa 2023, ambayo mwenzangu wa kazini aliniazima wikendi nzima. Zote mbili ni za ngazi ya chini, yaani kampuni ilizitengenezea watu wanaoanza. Kati yao kuna miaka 12, na katika mambo ya teknolojia miaka 12 ni umri wa babu.

Kwanza tuelewane zinavyofanya kazi, maana ugomvi wote umetoka hapo.

Ndani ya DSLR kama 600D kuna kioo kilichoinama mbele ya sensa. Mwanga ukipita kwenye lenzi hugonga kioo hicho, ukarushwa juu hadi kwenye jicho lako. Sehemu ndogo ya mwanga hupenya kioo na kutumwa chini, ambako kuna sensa nyingine ndogo ambayo kazi yake ni kupima fokasi tu. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka, shata inafunguka, na hapo ndipo sensa kubwa inauona ulimwengu kwa mara ya kwanza. Ile "klaka!" tunayoipenda ni kioo kikipanda na kushuka. Kabla ya hapo sensa kubwa iko gizani.

Kwenye R50 kioo kimeondolewa. Sensa iko macho muda wote, na kile unachokiona kwenye kijidirisha cha kuchungulia ni skrini ndogo inayoonyesha kile sensa inachokiona. Kwa mtu wa programu kama mimi, hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Tarakilishi iliyo ndani ya kamera inapokea picha mfululizo hata kabla hujabonyeza, kwa hivyo unaweza kuiuliza maswali: je, hapa kuna uso? Jicho liko wapi? Limesogea? Kwenye 600D huwezi kuuliza swali hilo ukitazama kwa kijidirisha, kwa sababu sensa kubwa haioni kitu.

Haya, sasa tuingie kwenye ubishi.

Wauzaji wa mjini watakuambia kwanza habari za megapikseli. 600D ina megapikseli 18, R50 ina 24. Inasikika kama pengo kubwa, lakini piga hesabu. Picha ya 600D ina upana wa pikseli 5184, ya R50 ina pikseli 6000. Hiyo ni tofauti ya kama asilimia 16 kwa upana. Skrini ya runinga ya 4K ina pikseli milioni 8.3 hivi, kwa hivyo hata picha ya 600D inaijaza mara mbili. Ukitaka kuchapisha kwa nukta 300 kwa inchi, picha ya 600D inatoa karatasi ya upana wa inchi 17 na kitu, ambayo inakaribia A3. Wateja wengi wa binamu yangu wanataka picha kwenye WhatsApp. Hakuna atakayerudisha picha eti haina pikseli za kutosha.

Jambo la pili ni mwanga hafifu, na hapa nakubali kamera mpya ina nguvu zaidi. 600D inafika ISO 6400 kwa kawaida, R50 inafika 32,000, na hata kwenye ISO zinazolingana ile mpya ina chengachenga chache. Lakini sensa zote mbili ni za ukubwa uleule, APS-C, kama milimita 22 kwa 15. Zinakusanya mwanga ambao lenzi imeuruhusu kupita, basi. Sasa angalia lenzi zinazouzwa pamoja nazo. 600D huja na ya 18-55 yenye tundu la f/3.5 hadi f/5.6. R50 huja na ya 18-45 yenye tundu la f/4.5 hadi f/6.3. Mnaona? Lenzi ya kamera mpya ni ndogo na nyepesi, lakini inaingiza mwanga kidogo kuliko ile ya zamani!

Dawa ya jambo hili inajulikana, nayo ni lenzi ya 50mm f/1.8. Chukua 6.3, gawanya kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Unapata 12. Yaani kwa f/1.8 unaingiza mwanga mara 12 kuliko kwa f/6.3. Pale ambapo lenzi ya kawaida ingekulazimisha kwenda ISO 6400, hii inakuacha kwenye 500 na kitu. Kamera ya zamani yenye lenzi hii itatoa picha safi zaidi usiku kuliko kamera mpya yenye lenzi iliyokuja kwenye boksi. Ubaya wake ni kuwa 50mm kwenye sensa hizi inavuta karibu, na kwenye sebule ndogo utajikuta umegonga ukuta kwa mgongo.

Kufikia hapa mnaweza kudhani nitamwambia binamu achukue ya zamani tumalize. Ngojeni kidogo.

Miaka michache iliyopita tulimfanyia nyanya yetu sherehe ya shukrani kule nyumbani. Siku hiyo mjomba aliwasili kutoka ng'ambo, ambako alikuwa amefanya kazi miaka saba bila kurudi. Nyanya hakuambiwa. Mjomba aliingia mlangoni, nyanya akainuka kwenye kiti bila fimbo yake, wakakumbatiana. Nilikuwa mbele yao nikiwa na 600D na lenzi yangu ya 50mm, tundu limefunguliwa f/1.8. Nilibonyeza mara tatu.

Picha zote tatu ninazo mpaka leo. Ukali wake umeangukia kwenye pazia.

Kosa lilikuwa langu. 600D ina vitone 9 vya fokasi, na mimi nilizoea kutumia kile cha katikati kwa kuwa ndicho chenye uhakika zaidi. Watu wawili wakikumbatiana, katikati ya vichwa vyao kuna nafasi, na kwenye nafasi ile palikuwa na pazia la maua. Kamera ilifanya sawasawa nilivyoiagiza. Na kwa f/1.8 ukanda wa ukali ni mwembamba, kwa hivyo nyuso zikabaki ukungu. Ukitaka mwanga mwingi unalipia kwa nafasi ndogo ya kukosea. Nyanya alitutoka mwaka uliofuata. Sikumwomba mjomba aingie mlangoni mara ya pili, na hata ningemwomba isingekuwa picha ile.

Nilipoazimwa R50, jambo la kwanza nililofanya ni kuwaambia dada yangu na mwanawe wakumbatiane mbele ya pazia. Kisanduku kidogo kilikaa kwenye jicho la dada yangu na hakikutoka. Akageuka, kikahamia kwa mtoto. Pazia halikupata nafasi. Na kwa kuwa fokasi inapimwa kwenye sensa ileile inayopiga picha, ule wasiwasi kwamba njia ya kupimia na njia ya kupigia zimetofautiana kidogo haupo tena.

Basi hoja yangu ni hii: kamera mpya haipigi picha nzuri kuliko ya zamani. Inakosa mara chache. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo unalolipia.

Sasa jiulize, ukikosa hasara yako ni nini? Kwenye picha za mahafali, mteja amesimama wima, anatabasamu, yuko tayari kurudia mara tano. Ukikosa, unamwambia "tena kidogo," yamekwisha. Kazi hiyo 600D inaifanya vizuri sana. Kwenye harusi pete inavalishwa mara moja. Mtoto anazima mshumaa mara moja. Hapo kukosa ni kurudisha pesa ya watu, na jina lako kuharibika kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa mzima.

Video nayo sina ubishi. 600D haifuatilii fokasi yenyewe wakati wa kurekodi. Mtu akisogea, unazungusha lenzi kwa mkono. Faili likifika GB 4, kama dakika 12 hivi za video ya 1080p, inasimama. Jaribu kurekodi mahubiri ya Jumapili kwa dakika 12! R50 inarekodi 4K, inafuata uso, na inaenda hadi saa moja. Anayetaka kuishi kwa video asinunue kamera ya 2011.

Lakini msiitupe ya zamani. Kwanza, kijidirisha chake ni kioo na mwanga tu, hakili betri. R50 inakula betri muda wote ukiwa unachungulia. Pili, na hili nalipenda kama mtu wa programu, kuna Magic Lantern, programu huria iliyoanza mwaka wa 2009 kwa ajili ya kamera za Canon. Unaiweka kwenye kadi ya memori, na 600D inapata vitu ambavyo haikutoka navyo kiwandani, kama kuonyesha kwa rangi sehemu zenye ukali wakati wa video. Kamera yenye umri huu bado inafundishwa mambo mapya na watu wa kujitolea. (Soma maagizo kwanza, ukiharibu ni juu yako.)

Tatu, na hili ndilo la pesa, lenzi za EF ambazo Canon ilianza kuziuza mwaka wa 1987, pamoja na zile za EF-S, zinaingia kwenye R50 kwa adapta, na fokasi inafanya kazi. Lenzi mpya za RF haziwezi kurudi nyuma kwenye 600D. Kwa hivyo shilingi unayoweka kwenye lenzi ya zamani leo inahama nawe ukihama.

Haya binamu, jibu lako ndilo hili. Usichukue ule mkopo. Wewe kazi yako kwa sasa ni ya watu waliosimama wima. Tafuta 600D iliyotumika vizuri. Shata yake inakadiriwa kudumu picha 100,000 hivi, kwa hivyo ulizia imeshapiga ngapi. Njoo na waya, nitaisomea kwenye tarakilishi kwa programu ya gphoto2 kabla hujatoa hata senti. Ongeza lenzi ya 50mm f/1.8 ya EF. Jifunze kusogeza kitone cha fokasi kwa kidole, kiweke kwenye jicho, usikiachie katikati kama mimi.

Ukipata kazi ya harusi, kodi mirolesi kwa siku hiyo. Nairobi wakodishaji wapo, na gharama iweke kwenye bei unayomtajia mteja. Siku utakapoona unakodi karibu kila Jumamosi, keti na kalamu. Kodi ya miezi michache ikikaribia bei ya kuinunua, nenda kanunue, na chama utakilipa kwa pesa za harusi ambazo umeshazipata, wala si za harusi unazoziota.

Kuna watakaosema namcheleweshea kijana maendeleo. Mimi nasema deni la kila mwezi kwa ajili ya megapikseli 6 za ziada si maendeleo. Lakini pia, wenzangu mnaoshikilia DSLR mkisema "kamera ni jicho la mpiga picha," siungani nanyi tena. Jicho langu siku ile lilimwona nyanya vizuri kabisa. Kilichokosea ni kitone.