Panya Hainuliwi kwa Mkia

Wewe mwanafunzi unayetamani kuwa mtafiti wa dawa, usidhani kazi ni kemia tu. Mnyama wa maabara naye ana kanuni zake, na ya kwanza ni jinsi ya kumshika.

Kwa miaka mingi panya waliinuliwa kwa mkia. Mwaka wa 2010, Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walionyesha kwamba panya ainuliwaye hivyo hushikwa na hofu, hukojoa ovyo na kumkwepa mtu. Anayeingia mwenyewe katika bomba fupi la plastiki, au anayepakatwa viganjani, hutulia zaidi.

Sasa fikiri, msomaji: unajaribu dawa ya kutuliza wasiwasi kwa mnyama uliyemtia wasiwasi wewe mwenyewe! Unapima dawa au unapima mkono wako? Matokeo yakipotoka, panya wamekufa bure, na mgonjwa anazidi kungoja.

Uingereza, chini ya sheria ya 1986, mtafiti hagusi jaribio bila leseni yake binafsi, nayo hutanguliwa na mafunzo. Watakaochoka kumngoja panya aingie bombani, naona afadhali wabaki na chupa zao za kemia.