KESI YA NYANI KWA HAKIMU NGEDERE



Wapo wanaotuuliza: sisi watu wa visiwani tuna khabari gani na Tengeru, soko lililo kando ya barabara ya Arusha na Moshi, chini ya Mlima Meru? Twawajibu: tunayo, tena kubwa. Yaliyowafika Wameru ni darsa kwa kila mnyonge asiye na pa kushitakia.

Mwaka 1947 Tume ya Jaji Wilson iliishauri Serikali ya Mwingereza juu ya ardhi ya Arusha na Moshi. Kwa ushauri ule nchi ya Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ilitengwa iwe ya walowezi. Mwezi Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 wakafukuzwa, na nyumba zao zikatiwa moto.

Wamshitakie nani? Aliyeunda Tume ni Serikali. Aliyechoma nyumba ni Serikali. Mwenye kupokea malalamiko ni Serikali ile ile! Wakachanga senti zao wakamtuma Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Baraza la Udhamini likasikitika. Lakini masikitiko hayalimwi, wala hayajengwi nyumba.

Uhuru ulipopatikana, Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, na mwenyekiti wake akawa Chifu Erasto Mang'enya. Hatuibezi. Mtu wa Tengeru aliyeonewa na afisa aliweza kulalamika pasi na kumlipa wakili. Lakini Tume ile ilimpelekea Rais matokeo ya uchunguzi wake, na Rais mwenyewe haikuwa na ruhusa kumchunguza.

Mwaka 2001 mahali pake pakashikwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Jina limekuwa refu. Kamba je, imerefuka? Makamishna huteuliwa na Rais. Katiba, Ibara ya 130, yaiita Tume huru, kisha yampa Rais uwezo wa kuitolea amri akiridhika kwamba maslahi ya taifa yataka hivyo. Na nani apimaye maslahi hayo? Yeye Rais! Huu ni uhuru wa mbuzi aliyefungwa kigingini: hula pale kamba inapofika.

Atakaye ushahidi na atazame Nyamuma, wilaya ya Serengeti. Mwaka 2001 wanakijiji walifukuzwa na nyumba zao zikachomwa, kama Engare Nanyuki miaka 50 kabla. Tume ilichunguza, ikaona wamedhulumiwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ikakataa. Ilibidi shauri lifike Mahakama ya Rufani ndipo isemwe kwamba mapendekezo ya Tume yaweza kukaziwa na mahakama. Maskini wangapi wana pumzi ya safari hiyo?

Nasi wa visiwani tuna jeraha letu. Watu walipouawa kwa risasi Unguja na Pemba, Januari 2001, Rais aliunda tume chini ya Brigedia Hashim Mbita. Ikahesabu maiti 31. Maiti walihesabiwa, aliyeamuru risasi hatukumwona kizimbani. Tume ya kuhesabu makaburi si tume ya haki.

Watatuambia: mwataka kumvunjia Rais heshima. La hasha! Heshima ya mtawala mwadilifu haivunjwi na swali. Dhalimu ndiye aogopaye kuulizwa.

Kwa hivyo twadai mambo manne. Kwanza, makamishna wathibitishwe na Bunge na Baraza la Wawakilishi. Pili, ifutwe ile ruhusa ya kuitolea Tume amri. Tatu, taarifa ya kila tume, ya kudumu na ya muda, ichapishwe kwa Kiswahili na isomwe na kila raia, Tengeru hata Wete. Nne, ofisi itakayokataa pendekezo itoe sababu zake kwa maandishi mbele ya umma, na gharama ya kwenda mahakamani iwe juu yake, si juu ya aliyeonewa.

Wanachama, lisomeni jambo hili matawini na mlijadili barazani. Wameru walivuka bahari kutafuta wa kuwasikiliza. Haifai mjukuu wao, wala wetu, avuke tena.