Safari ya Ufuoni Hupangwa kwa Mwezi

Siku hizi vijana wetu wengi waishio Nairobi wameingiwa na hamu ya kutembea kwa miguu. Wakishaizoea milima ya Ngong, hutamani kuteremka Pwani wakafuate ufuo kwa siku tatu au nne, mizigo mgongoni. Mimi naliunga mkono jambo hili. Kwa muda mrefu tumewaachia wageni waujue ufuo wetu kwa nyayo, ilhali wengi wetu twaujua kwa dirisha la basi tu. Lakini namna safari hizi zinavyopangwa hainiridhishi, na sababu ninayo.

Hivi karibuni, baada ya sala ya Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, vijana kadhaa walinionyesha mpango wao wa kutembea kutoka Kilifi hadi Malindi. Kwa barabara ya lami ni karibu kilomita 60. Kwa ufuo, pamoja na kona na miamba yake, ni zaidi. Walikuwa na orodha ndefu: hema, tochi, dawa, chakula, mabegi na viatu vya mitumba vya kutoka soko la Toi. Tarehe nayo walikwisha kuichagua, nayo ni wikendi iliyopakana na sikukuu ya taifa, ili wasipoteze siku za kazi. Nikawauliza, "Siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi?" Wakatazamana.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Afisi za mjini hupanga mambo kwa Januari na Februari, lakini bahari hufuata mwezi. Mwezi uandamapo, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na kwetu tofauti yake hupita mita 3. Siku hizo maji huwa yamekupwa karibu saa nne asubuhi, yakajaa karibu saa kumi jioni. Kisha kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50, hata baada ya juma moja yakawa ni maji mafu, na saa zake zimegeuka. Basi ile kalenda ya Kiislamu itundikwayo ukutani, madukani Mtaa wa Biashara na majumbani kwetu Kawangware, yatosha kumpa msafiri habari ya kwanza ya bahari iliyo mbali naye kilomita 500.

Zitazameni Idd zetu mbili. Idd-ul-Fitr ni mwezi mosi, kwa hiyo daima huangukia bamvua. Atembeaye siku hizo hupata mchanga mpana na mgumu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Idd-ul-Hajj ni mwezi 10, na siku hiyo maji hujaa mchana na kupwa jioni. Sikukuu zote mbili ni za mapumziko, lakini ufuo si ule ule.

Jambo hili si la mchezo. Mahali pengi kati ya Kilifi na Malindi mwamba wa matumbawe umeliwa chini na mawimbi, ukabaki umeinama juu kama paa. Asubuhi unapita chini yake mkavu. Jioni maji yamefika ukutani, huna njia ya mbele wala ya nyuma, na begi la kilo 15 liko mgongoni. Hapo kiatu kizuri hakimwokoi mtu.

Yuko atakayesema kwamba simu inatosha, na kwamba Mamlaka ya Bandari huchapisha majedwali ya maji. Ni kweli, na ayachukue. Lakini jedwali hutaja saa na kina tu. Halitaji jiwe gani halina pa kupandia, wala halijui upepo wa leo. Ramani ya simu nayo huenda picha yake ilipigwa maji yamekupwa, ikamwonyesha kijana ufuo ambao jioni haupo. Mvuvi wa Uyombo anayajua hayo yote. Tena mlango wa Mida, kati ya Uyombo na Watamu, haufai kuvukwa kwa miguu kwa kubahatisha, kwani maji yatokapo huvuta kwa nguvu. Mlipeni mwenye chombo awavushe.

Mengine ni mepesi. Epukeni masika ya Aprili na Mei, na mjue kwamba kusi la Juni hadi Agosti huchafua bahari. Chukueni maji ya kutosha, maana visima vingine vya pwani vina chumvi. Katika hifadhi za bahari za Watamu na Malindi, zilizowekwa mwaka 1968, kombe na matumbawe yaacheni palipo. Mfikapo kijijini, mtoleeni mzee salamu kabla ya kupiga hema.

Kinachonihuzunisha ni kuwa maneno bamvua na maji mafu yanawatoka vijana wetu midomoni, na neno likitoka, ujuzi wake hulifuata. Wazee wa Pwani mlio humu Nairobi, waiteni vijana hawa muwafundishe. Nanyi vijana, safari yenu ipangeni hivi: kwanza mwezi, kisha upepo, kisha mvuvi wa mahali. Begi la Toi lije mwisho.