Nyumba za wazee Eastlands zikaguliwe

Mitaa ya Eastlands haikujengewa wazee. Serikali ya kikoloni ilipoanza kuwajengea Waafrika mashariki mwa Nairobi, iliwahesabu kama vibarua tu. Mwanamume alipewa nafasi ya kitanda katika chumba cha kushirikiana na wenzake, afanye kazi kwenye reli au katika baraza la mji, na nguvu zikimwishia arudi kwao mashambani. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilizipa familia nafasi, lakini dhana yenyewe haikufa, na uhuru nao haukuizika. Hadi leo tunazungumza kana kwamba kila mzee wa Nairobi ana ushago unaomngoja. Pumwani wapo watu ambao nyanya zao walijenga nyumba hapo tangu miaka ya 1920 wakavunja kabisa uhusiano na walikotoka. Warudi wapi? Na waliopata viwanja Dandora mradi ulipoanza mwaka 1975, wakiwa vijana wenye watoto wachanga, sasa wamefika miaka sabini na themanini. Wao ndio wenyeji, na hapa ndipo watakapozeekea.

Wengi watatunzwa na watoto wao, na hivyo ndivyo inavyofaa pale inapowezekana. Lakini tuitazame familia ya leo jinsi ilivyo. Binti anapanga chumba na sebule orofa ya tano Kayole au Pipeline, jengo halina lifti, anatoka alfajiri kukimbilia matatu na kurudi usiku. Mama aliyepooza upande mmoja hushinda peke yake mlango ukiwa umefungwa kwa nje, kwa sababu maradhi ya kusahau yanaweza kumfanya apotee. Huko si kutunzwa, hata kama binti mwenyewe anajinyima ili mama ale. Ndiyo maana nyumba za wazee zipo na zinahitajika: Nyumba ya Wazee ya Kasarani inayoendeshwa na watawa, makao ya Cheshire huko Kariobangi, na nyingine ndogondogo. Waliozianzisha wameubeba mzigo ambao Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, iliuweka mabegani mwa familia na Serikali kwa pamoja.

Hata hivyo, wema wa mwanzilishi haumlindi mzee saa tisa ya usiku. Mwaka 2023 kipindi cha BBC Africa Eye kilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri katika makao ya wazee nje kidogo ya Nairobi, wazee wakipuuzwa na kudhulumiwa. Hasira ya umma iliwaangukia wahudumu, na anayempiga mzee lazima ashtakiwe. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumekamata mkono na kuuacha mwili. Chukua mfano wa hesabu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani anapaswa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi yake itachubuka na kufanya vidonda. Tuseme wapo wazee ishirini wa namna hiyo na mhudumu mmoja wa zamu ya usiku, na kila mmoja ahitaji dakika tano tu. Hizo ni dakika mia moja katika kila mia na ishirini. Dakika ishirini zinazobaki ni za nani: anayetaka maji, anayelilia dawa, au aliyeanguka akienda chooni? Kwa hiyo mhudumu atafanya anachoweza. Atamvisha pampasi mzee ambaye angefika chooni akishikwa mkono. Atamlisha harakaharaka mama ambaye angejilisha mwenyewe kwa nusu saa. Atawaogesha watatu pamoja bila pazia. Baada ya miezi michache yule mzee hatembei tena kweli, na yule mama hashiki kijiko. Utu wao umepotea pasipo mtu yeyote kukusudia ubaya, na hakuna mahubiri ya upole yatakayourudisha ikiwa zamu ya usiku itabaki na mtu mmoja.

Basi upole unahitaji masharti. Makao ya watoto nchini yana kanuni za usajili na ukaguzi tangu mwaka 2005, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikayabana zaidi. Kwa wazee, mswada wa kuwatunza na kuwalinda ulifikishwa Seneti mwaka 2018 ukakwama. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Januari 2016, inataka makao yao yafikie viwango vya chini vya kitaifa. Kiwango kinachofaa kuanza nacho ni idadi ya wahudumu kwa kila zamu, kwa kuzingatia wangapi wamelala kitandani. Kisha wakaguzi waje bila taarifa, na matokeo yabandikwe langoni, kama makao ya England yanavyotakiwa kuonyesha alama yalizopewa na wakaguzi.

Wapo wanaosema kwamba Mwafrika hampeleki mzazi wake kwenye makao, na kwamba kuyatungia sheria ni kuhalalisha kuwatupa wazee. Naielewa hofu hiyo, na aibu wanayoitetea ina kazi yake katika jamii. Lakini aibu hiyohiyo huwafanya watoto wasije kutembelea, kwa kuogopa kuonekana langoni, na mzee asiye na mgeni ndiye rahisi kudhulumiwa. Makao yakiwa mtaani kwake, karibu na kanisa au msikiti wake, jirani aliyeishi naye miaka arobaini atapita kumjulia hali. Mitaa ya zamani ya Eastlands inapobomolewa ili yajengwe maghorofa, orofa ya chini ya jengo moja katika kila mtaa itengwe kuwa makao hayo.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi. Ukaguzi mkali ungeweza kufunga makao ya kanisa yanayoishi kwa sadaka, na wazee wakaishia barabarani. Kwa hiyo masharti yaende pamoja na fedha. Shilingi 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa mwezi hazimtoshi mzee anayehitaji mtu wa kumgeuza usiku. Kaunti ilipie mishahara ya wahudumu wa zamu ya usiku, na makao yapewe muda wa kutimiza masharti. Watu wa kuajiriwa wapo. Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza mwaka 2021 wa kupeleka wahudumu wa afya, na mwingine wa ajira na Ujerumani Septemba 2024. Nchi inayoweza kuandaa mikono ya kuhudumia wagonjwa na wazee wa Ulaya haiwezi kudai imekosa ya kumhudumia mzee wa Dandora.

Afisa wa afya wa kaunti huingia katika hoteli za Kayole kukagua jikoni na vyeti vya wapishi. Aingie pia kwenye nyumba ya wazee, usiku, ahesabu wahudumu. Mwaka 2027 wanaotaka kuwa wawakilishi wadi watapita mlangoni kwako kuomba kura. Waulize kama wataidhinisha fedha za kazi hiyo, na usimpe kura yako asiye na jibu.